Mwaka Ambao Mama Alisubiri Kuitwa

Wasifu wa marehemu una mpangilio wake, na kila aliyewahi kukaa kwenye msiba huku kwetu anaujua hata kama hajawahi kuuandika: kuzaliwa, elimu, ubatizo na kipaimara, ndoa, watoto na wajukuu, kazi, ugonjwa, kifo. Wa mama niliandika mimi, kwa sababu mimi ndiye ninayeandika vitabu, na watu wanaamini kwamba anayejaza kurasa mia tatu hawezi kushindwa na moja. Nilikaa kwenye meza ya sebuleni huku nje vijana wakishusha viti vya plastiki kutoka kwenye gari, na mambo yalikwenda vizuri mpaka nilipofika kwenye kazi. Hapo nikakwama. Mdogo wangu Elibariki, aliyekuwa anasubiri kupeleka karatasi Usa River zikatolewe nakala, alichungulia juu ya bega langu. "Andika mama wa nyumbani, dada. Watu wataelewa." Nikaandika: Marehemu alikuwa mama wa nyumbani. Halafu, kwa kuwa sentensi ilionekana fupi mno kwa mtu aliyeamka kabla ya jogoo maisha yake yote, nikaongeza nyingine: Katika maisha yake hakuwahi kuajiriwa; nyumba yake ndiyo iliyokuwa kazi yake. Kesho yake niliisoma mbele ya jeneza, uwanjani kwetu hapa Kikwe, kwa sauti ambayo haikutetemeka. Watu wakatikisa vichwa. Nikashuka na kukaa, na mtu mmoja nyuma yangu akanong'ona kwamba nimeandika vizuri.

Nilijua ninachokificha wakati nasoma. Nyuma ya sentensi ile kuna mwaka mzima, mwaka nilioukalia kimya tangu nikiwa na miaka kumi na minane. Sikuwahi kumsimulia mume wangu, wala sikuwahi kuuweka kwenye hadithi yoyote, hata kwa kubadilisha majina. Kwenye vitabu vyangu kuna wizi, kuna usaliti, kuna watu wanaoacha wenzao barabarani, lakini hakuna msichana anayesimama mbele ya mama yake mwenye mikono iliyojaa utomvu wa ndizi na kumjibu neno moja.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na matokeo yangu yalikuwa mabaya kidogo tu, yale mabaya ya kuudhi kuliko ya kufeli kabisa. Sikuchaguliwa kuendelea. Shangazi aliyekuwa anaishi Olasiti, mjini Arusha, alituma salamu kwamba niende kukaa kwake, nisome masomo ya kurisiti, nirudie mtihani, ana chumba. Baba alikuwa dereva wa lori, akija nyumbani mara mbili kwa mwezi. Alisema nitakwenda baada ya mavuno. Basi nikabaki nasubiri. Nilisubiri jikoni zaidi, kwa sababu huko ndiko kulikokuwa na maisha. Jiko letu lilikuwa nje, la mbao zilizokaushwa na moshi mpaka zikawa zinang'aa kama zimepakwa rangi, na mama alikuwa anajua kila kitu ndani yake kwa kugusa. Alikuwa anamenya ndizi mbichi bila kuzitazama, mikono kaipaka mafuta, akizitumbukiza kwenye beseni la maji moja baada ya nyingine huku akiongea na mimi, na mama wa jirani, na kuku, na Bibi aliyekuwa analala chumba cha pili.

Bibi alikuwa mama yake baba. Miguu yake ilikuwa imekataa, ila mdomo wake ulikuwa mzima kuliko wetu wote. Kitanda chake kilikuwa kimesogezwa dirishani makusudi ili asipitwe na kitu, na kila aliyekatiza uwanjani alipewa lake. Mama ndiye aliyemnyanyua, akamwogesha, akamgeuza mara tatu kwa siku, akamlisha loshoro kwa kijiko: mahindi yaliyokobolewa na ndizi, yamechanganywa na maziwa mgando mpaka yanateleza yenyewe. "Leo umeweka maziwa ya kupimiwa," Bibi alikuwa akisema. "Nimeweka yaleyale ya jana, mama." "Basi na jana ulinipunja." Mama alikuwa anacheka kwa pua na kumfuta kidevu.

Kama kuna mahali watu walimwona mama, ilikuwa ni kwenye misiba na harusi. Walipokuwa wanataka kupika chakula cha watu mia mbili, hakuna aliyeuliza nani ataongoza. Mama alikuwa anafika alfajiri na mwiko wake mrefu, anakagua mafiga, anasukuma mashina ya kuni ndani au nje kwa mguu, na kuanzia hapo hakuna mwanamke aliyetia chumvi bila kumtazama. Wali alikuwa anaupalia makaa juu ya mfuniko, kisha anainamisha sikio. Alikuwa anasema sufuria ikinyamaza wali umeiva, ikianza kulia tena umeungua. Wenzake walikuwa wanamtania, "Mama Naomi, leo inasemaje?" naye alikuwa anajibu kwa uso mkavu, "Inasema wewe unaongea sana."

Ni kwenye msiba wa jirani, mwezi wa tano, mvua zikielekea mwisho, ndipo Mama Aika alipomwona. Mama Aika alikuwa Mchaga, mnene, mwenye miwani iliyofungwa kamba, na alikuwa anasimamia jiko la hosteli ya wanafunzi kule Makumira. Alikuja kuzika kama wengine, akala ndizi nyama, akanyanyuka na sahani yake mkononi mpaka nyuma ya nyumba tulikokuwa. "Nani kapika hizi?" Wanawake wakamnyooshea mama vidole, kama wanashtaki. Mama Aika akamwangalia, akaangalia masufuria, akaangalia moto. "Wali nao?" "Na wali," mama alisema, akifuta mikono kwenye kanga. "Na ukiwa na jiko la gesi?" Mama alisema hajawahi kuligusa, lakini moto ni moto.

Wiki mbili baadaye alialikwa kujaribiwa. Hosteli ilikuwa na wageni kwa siku tano na mpishi mmoja alikuwa ameacha. Nilikabidhiwa Bibi, ng'ombe, na jiko, na mama akaondoka gizani, amevaa gauni la kanisani chini ya sweta la baba. Siku tano zile nilizichukia kwa moyo wangu wote. Nilimgeuza Bibi vibaya akanitukana. "Mama yako kaenda kupikia watoto wa watu, na mimi nimeachiwa nani? Huyu anayeshika mtu kama anashika gunia?" Makande yangu yalikuwa magumu chini na maji juu. Lakini jioni, jua likiwa bado juu ya migomba, mama alikuwa anaingia uwanjani, na hicho ndicho kitu ambacho hakinitoki. Alikuwa anaingia kwa mguu wa mtu anayetoka mahali. Alikuwa anavua viatu mlangoni, anakaa kwenye kigoda bila kushika chochote, na kwa dakika kama kumi alikuwa anatusimulia. Kwamba gesi haina moshi mpaka unasahau kama unapika. Kwamba kuna kisu cha nyama tu na kisu cha vitunguu tu. Kwamba kijana mmoja wa Mbeya alirudi mara tatu na sahani akamwambia, shikamoo mama, umenikumbusha nyumbani. Alilirudia hilo la kijana wa Mbeya kila jioni, na kila jioni alikuwa anatabasamu mahali palepale.

Siku tano zikaisha. Mama Aika akamwambia arudi nyumbani, yeye atamsemea kwa meneja, na akipata jibu atamwita. Mama hakuwa na simu. Wakati ule simu kwetu ilikuwa ni ya baba, na ilikuwa inasafiri na baba. Kuitwa kulikuwa ni mtu kutumwa na mtu. Basi mama akaanza kusubiri na yeye, na nyumba ikawa na watu wawili wanaosubiri, kila mmoja na lake.

Hakuwahi kuniambia anaitaka kazi ile. Nililijua kwa kusikia. Siku moja nilikuwa ghalani nachambua maharage, naye alikuwa na jirani yetu, Mama Happy, upande wa pili wa mbao. Mama Happy alikuwa anamwuliza kama ni hela. "Hela nataka, nani hataki," mama alisema. "Ila, jirani, unajua mimi sijawahi kurudi nyumbani?" "Unasemaje?" "Watu wote wa hapa wanarudi. Baba Naomi anarudi, watoto wanatoka shule wanarudi. Hata ng'ombe anatoka malishoni anarudi. Mimi siku zote nipo. Zile siku tano nilikuwa narudi. Nilikuwa naona nyumba yangu kwa mbali pale kwenye mfereji, nasema, ile ni nyumba yangu." Mama Happy akacheka, akasema huyu sasa anaongea kama mchungaji. Mama akacheka naye. Mimi niliendelea kuchambua maharage. Nilielewa kila neno, na naliandika hapa kwa sababu kwa miaka mingi nilijidanganya kwamba nilikuwa sijaelewa.

Na siku nyingine nilimkuta anakamua, paji la uso kaliegemeza kwenye ubavu wa ng'ombe, anampa maagizo. "Wakiniita, utakamuliwa na Naomi. Usimpige teke. Mkono wake ni wa baridi lakini atazoea. Atakuwa na wewe mpaka baba yao apate msichana wa kazi, labda mwaka mmoja, labda na zaidi. Tutamwambia shangazi yake asubiri." Alikuwa hajui kwamba nimesimama nyuma yake na ndoo. Niliiweka ndoo chini bila kelele na nikaondoka. Mwaka mmoja, labda na zaidi. Niliona Bibi, nikaona moshi, nikaona mikono yangu ikijifunza kumenya ndizi bila kuzitazama. Kule Olasiti kulikuwa na chumba chenye dirisha na meza, shangazi alishasema kuna meza, na kila usiku nilikuwa nalala nikiipanga: daftari hapa, kalamu hapa.

Jumamosi moja ya mwezi wa saba, asubuhi ya baridi yenye ukungu mzito kiasi kwamba mlima ulikuwa kama haujawahi kuwepo, mama alinituma Makumira nirudishe aproni aliyoazimwa. Alikuwa ameifua mara mbili na kuipiga pasi ya mkaa. Mama Aika aliipokea, akaniangalia juu ya miwani, akafurahi. "Afadhali umekuja. Nilikuwa natafuta wa kumtuma. Mwambie mama meneja amekubali. Jumatatu asubuhi, saa kumi na mbili na nusu awe hapa, na picha mbili ndogo. Asipofika Jumatatu nafasi anapewa mwingine, kuna mama analilia hapa kila siku. Umesikia, mwanangu?" "Nimesikia, mama." "Rudia." Nikarudia yote, mpaka picha mbili. Akanipa chapati nile njiani.

Njia ya kurudi ni ndefu, na nilikuwa na muda wa kutosha kuwa mtu mwingine. Chapati niliila. Nilipofika, mama alikuwa kwenye kigoda, beseni mbele yake, mikono imeng'aa mafuta na kuanza kuwa myeusi kwa utomvu. Hakuacha kumenya. Alijitahidi sana asionekane anauliza.

"Umemkuta?"

"Nimemkuta."

"Kasemaje?"

"Anakusalimia."

Kisu kikasimama. "Basi?"

"Basi."

Akamaliza ndizi aliyokuwa nayo, akaitumbukiza kwenye maji, akachukua nyingine. "Anasalimika mwenyewe?" aliuliza. Nikasema anasalimika. Bibi kutoka dirishani akasema, "Salamu haziliwi, leteni chakula."

Jumapili tulikwenda kanisani. Jumatatu ilipita, nami niliisindikiza saa kwa saa, nikisubiri kuona kama ardhi itapasuka. Haikupasuka. Wiki tatu baadaye nilikuwa Olasiti. Mama alinifungia ndizi mbivu, karanga za kukaanga na sabuni mbili, akanisindikiza mpaka barabarani akiwa amebeba begi langu kichwani, akakataa nimpokee. Aliniambia nisome, nisiwaze ya nyumbani. Kwenye ile meza ya shangazi nilisoma, nikafaulu, na jioni, nikichoka na hesabu, nikaanza kuandika hadithi nyuma ya karatasi za mitihani. Kila kitu nilichopata baadaye kilianzia pale: chuo, kitabu cha kwanza, watu wanaonisimamisha kunipa mkono. Mama alikuja kwenye uzinduzi wa kitabu kile, akakaa mstari wa mbele na kitenge kipya, na nilipokuwa nasaini nakala nilimsikia akimwambia mwanamke mmoja kwamba yeye hajasoma sana ila nyumba ilikuwa na utulivu, ndiyo maana mtoto aliweza kusoma. Nilisaini jina langu vibaya kwenye nakala ile.

Bibi aliishi miaka sita mingine. Mama alimgeuza mara tatu kwa siku, miaka sita.

Siku ya pili baada ya mazishi tulikuwa nyuma ya nyumba tunasugua masufuria ya umoja wa wanawake ili yarudi kanisani. Wanawake walikuwa wanalaumiana kwa sauti za chini. "Wali ule uliungua," mmoja alisema. "Angekuwepo mwenyewe usingeungua," mwingine akajibu, na wote wakainamia masufuria. Ndipo bibi kizee mmoja aliyekuwa amekaa kwenye kiti tangu asubuhi, mnyonge, miwani ina kamba, akaniita kwa mkono. Nilikuwa nimeshampa shikamoo mara mbili bila kumtambua. Alikuwa ni Mama Aika, amekonda kiasi kwamba ndani ya yule wa zamani wangeingia wawili kama yeye.

"Umeandika vizuri," alisema. "Ila pale kwenye kazi si kweli. Mama yako aliajiriwa. Meneja alishasema ndiyo. Hakufika tu."

Nilikuwa na sufuria mkononi. Niliendelea kuisugua, mahali pamoja.

"Alikuja Jumanne," Mama Aika alisema. "Kwa miguu, vumbi mpaka magotini. Kaingia, kaniambia, samahani dada, nimeona nije tu niulize kama mlishapata mtu au bado mnanifikiria. Nikamwambia, Mama Naomi, si nilimtuma binti yako Jumamosi? Akanyamaza. Nakwambia alinyamaza mpaka nikasikia maji yanachemka. Halafu akasema, ee, aliniambia, ni ng'ombe, jana ng'ombe amezaa ndiyo maana. Mtu aliyekuja kuuliza kama bado namfikiria, ananiambia alishaambiwa."

Ng'ombe wetu hakuzaa mwaka ule. Na nikaikumbuka Jumanne yenyewe, ambayo nilikuwa nimeipoteza kwa sababu nilikuwa nimehofia Jumatatu tu. Aliondoka asubuhi, akasema kuna mgonjwa wa kuona Usa. Alirudi kama saa tisa. Nilikuwa nimepika makande, yameshika chini kama kawaida yangu. Alikaa, akala sahani nzima, akaniambia safari hii maji nimeyapatia. Kisha akaingia kumgeuza Bibi.

"Nafasi ilishachukuliwa jana yake," Mama Aika aliendelea. "Nikamwambia pole. Akauliza, huyo aliyepata ana watoto? Nikasema anao wanne, mume hayupo. Akasema, basi sawa. Halafu akageuza shingo. Yule mama mgeni alikuwa kaacha wali kwenye moto kaenda stoo. Mama yako akasema, sufuria yako inalia. Akaingia, akapunguza gesi, akafunua, akanyunyiza maji kwa mkono, akafunika. Akasimama pale mpaka iliponyamaza. Akanawa, akaaga. Mlangoni akanishika mkono, akaniambia nisije nikakuuliza. Nisikuulize kamwe, hata tukikutana mjini. Nami sikukuuliza." Alivua miwani akaifuta kwenye kitenge. "Siyasemi haya ili uumie, mwanangu. Nimezeeka. Nikifa nayo, hakuna atakayejua kwamba aliitwa."

Wanawake walikuwa wameacha kusugua. Elibariki alikuwa amesimama mlangoni na birika la chai, na sikujua amesimama tangu lini. Miaka ishirini nilikuwa nimeiandaa sentensi ya kujitetea, na mimi sentensi ni kazi yangu. Ilikuwa na Bibi ndani yake, na umri, na mtihani, na woga. Mama alikuwa ameijua aibu yangu tangu ile Jumanne. Alikuwa nayo alipobeba begi langu kichwani, alikuwa nayo mstari wa mbele kwenye uzinduzi, na alikuwa nayo mwezi uliopita hospitalini, nilipomlisha uji kwa kijiko akanitania kwamba nashika kijiko kama kalamu. Angeweza kuniambia wakati wowote kwamba anajua. Nikaelewa kwamba alikuwa ananipa nafasi ya kusema mwenyewe, au alikuwa ameshalisamehe kosa langu mpaka limemwisha, na hakuna tena wa kumwuliza ni lipi kati ya hayo.

"Kwa nini hukumwambia?" Mama Aika aliuliza. Aliuliza kwa upole, kama mtu anayeuliza njia.

"Nilitaka kwenda Olasiti," nikasema.

Akarudisha miwani usoni, akanitazama.

"Ukaenda?"

"Nikaenda."